Chaki Ubavuni mwa Tairi

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kinachofichika ni hofu ya kumpoteza umpendaye, na hofu hiyo ikikaa sana kifuani huanza kutafuta mkono wa kuifanyia kazi. Jumamosi ile hofu ya Alistidia ilikuwa imekwisha kuupata mkono wake wa kulia, ingawa mwenyewe alikuwa hajakubali.

Alikuwa amechuchumaa kando ya Starlet nyeupe ya Kahigi, chaki mkononi, kwenye uwanja mpana wa saruji wa Kitendaguro ambao zamani ulianikiwa kahawa. Ghala la kahawa lilikuwa limefungwa miaka mingi, na sasa vijana wa Bukoba wenye magari madogo walipanga pale koni za plastiki siku za Jumamosi wakashindana. Gari liliingia moja moja, likazungushwa katikati ya koni mbiombio huku saa ikihesabu, na aliyemaliza upesi bila kuangusha koni ndiye aliyekuwa bingwa. Haikuwa ajira ya mtu. Kahigi aliuza mbao mjini, na Riyadhi, mpinzani wake mkubwa, alikuwa na duka la dawa.

"Mwalimu," Kahigi aliita. Hakumwita jina mbele za watu. "Leo unanipa upepo gani?"

"Thelathini na sita mbele, thelathini na mbili nyuma. Za upande wa jua nimezipunguza kidogo, saruji imeanza kupata moto."

"Haya."

Haya, basi. Hakuinama kuangalia, hakuuliza mara ya pili. Alivaa kofia yake ngumu huku akimtazama kwa yale macho yake ya usingizi ambayo yalimfanya Alistidia, mwalimu mzima wa sayansi wa darasa la saba, asahau alikuwa amefika wapi.

Hivyo ndivyo walivyopendana. Alistidia alikuwa amekuja uwanjani kumsindikiza rafiki yake Kemilembe, akaona Starlet moja inakataa kukata kona, inateleza mbele kama inayosukumwa. Alikuwa na chaki mfukoni, hakosi chaki. Akachora mstari kwenye tairi, kuanzia kwenye kashata zinazogusa ardhi hadi ubavuni, akamwambia mwenye gari azunguke mara moja tu.

"Ukirudi, chaki itasema," alimwambia. "Ikifutika mpaka huku ubavuni, tairi linalala kwenye kona, ongeza upepo. Ikibaki hata kwenye ukingo wa kashata, limekuwa gumu mno, punguza."

Kahigi alizunguka, akarudi, wakainama pamoja kuitazama ile chaki, vichwa vikagongana. Tangu siku hiyo upepo wa tairi zake ulikuwa wa Alistidia. Kipimo cha upepo kilikaa kwa Alistidia, kwenye droo moja na rozari yake. Kahigi alipenda kuwaambia wenzake, "Mimi akishapima yule, sipimi tena. Nikipima nitakuwa namtukana."

Duru ya kwanza ilikwenda vizuri. Starlet ilikata kona kwa utii na Kahigi akawa wa pili, Riyadhi akimzidi kwa kupepesa jicho. Ilibaki duru moja, na kila mtu pale uwanjani alijua kwamba Kahigi alikuwa hajamaliza. Dastan alijua pia. Huyu alikuwa mtoto wa Bukoba aliyehamia Arusha, akarudi na pikapu ndefu na maneno mengi: timu yake ilikuwa inatafuta dereva, na bingwa wa leo angeondoka naye jioni ileile.

Alistidia alimfuata Kahigi kwenye kivuli cha ghala.

"Ukishinda, utaondoka kweli?"

"Alis, tumeshaongea."

"Hatujaongea. Wewe uliongea, mimi nikasikiliza. Kesho je?"

Kahigi alijifuta jasho shingoni. "Baba mdogo Kamugisha atakwenda Ijumbi kwa niaba yangu. Atamweleza mzee wako. Yule anajua kusema, kuliko hata mimi."

"Ta alisema uje wewe. Alisema anataka kukuona macho."

"Miezi mitatu tu. Nitarudi nimfuate hata shambani kwake."

"Humjui baba yangu, Kahigi."

"Namjua. Si yeye aliyesema mimi ni mpumbavu?"

Hakusema mpumbavu, alisema vibaya zaidi. Mzee Rutaihwa wa Ijumbi, yule Ta wake, alikuwa amekwisha kumeza kwamba kijana ni Mlutheri. Alimeza kwa shida, kwa kusukumwa na mkewe Mama Klaudia, lakini alimeza. Kilichomkwama kooni ni magari. "Mwanamume anayekimbia kuzunguka mahali pamoja na kurudi pale alipoanzia," alimwambia Alistidia, "atampeleka wapi mwanangu?" Kisha akasema: "Aje Jumapili, yeye mwenyewe na mzee wake. Tutamkaribisha kwa kahawa. Asipokuja, jina lake nisilisikie tena katika nyumba hii, na wewe usiliite." Na Mzee Rutaihwa alikuwa mtu wa kusema mara moja.

"Unanipenda?" Alistidia aliuliza. Sauti ilitoka ndogo hata yeye mwenyewe akaona aibu.

"Swali gani hilo?"

"Nijibu."

Kahigi alimshika kidevu, akamwinua uso. "Nakupenda mpaka najishangaa. Lakini hii nafasi nimeiota tangu nikiwa na suruali fupi. Usinifanye nichague leo, mpenzi. Si leo." Akambusu kwenye paji la uso haraka, maana watu walikuwa wanatazama, akaenda kwa Dastan aliyekuwa akimpungia mkono.

Hapo ndipo Alistidia angeweza kulia, na laiti angelia. Alirudi kwenye gari.

Alichuchumaa kwenye tairi la mbele la kulia. Alichora chaki upya, kwa mazoea tu. Akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza, upepo ukaanza kutoka. Alijiambia anapunguza kidogo. Gari lichelewe kugeuka, liguse koni moja, basi, Riyadhi ashinde, na kesho Kahigi akae sebuleni Ijumbi kama watu wengine. Hakuna atakayeumia. Alipima: thelathini na moja. Akaona haitoshi, maana Kahigi alikuwa mjanja wa stelingi, angeweza kushinda hata hivyo. Akabonyeza tena, na mkono ukakawia. Ishirini na mbili.

Riyadhi alipita na chupa ya maji. "Zimepata moto, mwalimu?"

"Zimepata moto," alijibu.

Akahamia upande wa kushoto, akafanya vilevile.

Kahigi aliingia, akawasha, akasogea hadi kwenye mstari wa kuanzia. Ni hatua chache tu, lakini mikono yake ilikuwa inalijua gari lile. Aliteremsha kioo.

"Mwalimu! Stelingi nzito kidogo."

Watu walikuwa wanasubiri, saa mkononi. Alistidia alimwona anavyomtazama: hana shaka, anauliza tu, kama mtu anavyouliza chumvi iko wapi nyumbani kwake. Neno moja lingetosha. Subiri. Neno dogo hilo lilifika ulimini likakaa.

"Ni saruji," alisema. "Imepata moto. Nenda."

Kahigi akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Alipita koni za kwanza vibaya, mbele kunaburuza. Badala ya kupunguza mwendo akaongeza, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba tairi ziko sawa, na mtu aliyeambiwa hivyo na anayempenda hulaumu mikono yake mwenyewe. Kona ya mwisho ilikuwa ya kushoto, karibu na ghala. Uzito wote wa gari ulilalia tairi la mbele la kulia. Alistidia aliona tairi linajikunja, linatoka kwenye ringi, chuma kinakwangua saruji na kurusha cheche. Gari halikugeuka tena. Lilikwenda moja kwa moja likapiga ukuta wa ghala upande wa dereva, na vumbi la miaka yote ile likaporomoka juu yake.

"Mawe!" mwanamke mmoja alipiga kelele, akimwita mama kwa Kihaya. Alistidia hakujua kama ni yeye au ni mwingine.

Walimtoa kwa mlango wa abiria. Nyusi ilikuwa imepasuka, damu inamtiririka shingoni, na mkono wa kulia ameubana kifuani. Lakini alisimama. Alistidia alimkimbilia, akamshika uso, akaupapasa, akawa anasema maneno ya Kihaya ambayo hakuwahi kumwambia mtu mzima.

"Niko mzima," alisema Kahigi. "Acha kulia. Niko mzima. Sijui nimefanya nini pale, nimekosea kona, sijui..."

Kisha akatazama juu ya bega la Alistidia, kwenye tairi la kushoto, lile lililobaki kwenye ringi.

Alimwondoa Alistidia taratibu kwa mkono wake mzima. Akaenda akachuchumaa. Mstari wa chaki ulikuwa umefutika kwenye kashata, umefutika ukingoni, umefutika ubavuni mpaka karibu na chuma. Aliupitisha kidole pale ulipokuwa.

"Nipe kipimo," alisema bila kugeuka.

"Kahigi, damu inatoka, twende kwanza..."

"Nipe kipimo, Alistidia."

Hakuwahi kumwita jina lote. Alimpa. Kahigi alipima, akasoma, akapima tena kama asiyeamini. Watu walikuwa wamelizunguka lile tairi lililotoka, wanabishana juu ya ringi, na Dastan alikuwa anapiga simu kutafuta gari la kumpeleka mgonjwa. Hakuna aliyewasikiliza wawili hawa.

"Limevuja?" Kahigi aliuliza. "Niambie limevuja, nitakuamini."

Njia ya mwongo ni fupi, na Alistidia alikuwa amekwisha kuifikia mwisho wake. Alitikisa kichwa.

"Na la kulia?"

"Yote mawili."

"Kwa nini?"

"Ili usishinde. Ili uje kesho. Nilitaka uguse koni tu, Kahigi, Mungu ananiona, koni moja tu..."

"Nilikuuliza." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Niliteremsha kioo nikakuuliza."

"Nisamehe."

"Ungeniambia usiende."

"Ningekuambia, ungebaki?"

Kahigi aliwaza kweli, na damu inadondoka kwenye shati. "Sijui. Tungegombana. Ningekasirika, labda ningeenda, labda ningebaki. Lakini ningekuwa nimegombana na wewe. Leo nimekaa ndani ya lile gari nikidhani niko na wewe."

Alimrudishia kipimo. Alikiweka kwenye kiganja chake, akamfunga vidole juu yake, akaenda kupanda gari lililokuja kumchukua. Dastan aliondoka jioni ile na Riyadhi.

Jumapili, baada ya misa, nyumba ya Mzee Rutaihwa ilinukia ndizi zilizopikwa na samaki. Alistidia alipika bila kuonja. Hakumwambia mtu kitu, na alikuwa na hakika kwamba Kahigi hatakuja. Kwa hiyo gari liliposikika likiingia kati ya migomba, na Mama Klaudia akachungulia akasema, "Wamefika, mwana wange, na mwenzio amefungwa kichwa, maskini," aliuacha mwiko ndani ya sufuria.

Sebuleni, Mzee Rutaihwa alikuwa na furaha ambayo hawakuwahi kuiona. Habari za ajali zilikuwa zimemfikia, na pamoja nazo habari kwamba kijana ameikosa Arusha.

"Karibuni, waitu, karibuni. Mzee Kamugisha, keti pale. Nawe kijana, pole. Magari hayo! Lakini wakati mwingine Mungu humwangusha mtu mahali pazuri." Akacheka. "Nilisema nataka kumwona macho. Nimemwona. Ameumia, na bado amekuja. Mama Klaudia! Kahawa ije!"

Kwao, mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Huletewa akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo, azitafune pamoja na mwenyeji. Siku kama ile, kikapu hupelekwa na binti. Mgeni akichukua, mazungumzo ya uchumba yamefunguliwa, na yaliyobaki ni ya wazee.

Alistidia aliingia na kikapu, akapiga magoti, akampa kwanza Mzee Kamugisha. Mzee akachukua, akashukuru. Akasogea kwa Kahigi, magoti yakiburuza kwenye nyasi zilizotandikwa, akainua kikapu kwa mikono miwili, na macho pia akayainua, kwa sababu hakuweza kuyazuia.

Kahigi alimtazama. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa yaleyale ya usingizi, ila mwenyewe alikuwa amehama. Aliweka kiganja kifuani.

"Asante," alisema. "Sitachukua."

Mzee Kamugisha aliacha kutafuna.

"Hujasikia vizuri, kijana," alisema Mzee Rutaihwa. "Hii ni kahawa ya nyumba yangu."

"Nimesikia, mzee. Nimekuja kwa sababu niliitwa, na sikutaka mpike mngoje bure. Lakini sikuja kuposa. Mniwie radhi."

"Binti yangu amekukosea nini?"

Alistidia alifumba macho. Alisubiri ukweli utajwe.

"Hajanikosea," alisema Kahigi. "Ni mimi. Nimebadili mawazo."

Mzee Rutaihwa alisimama wima. "Nilijua! Nilisema, mtu wa kuzunguka koni ni mtu asiye na kwao! Unakuja kumwaibisha mwanangu nyumbani kwangu, mbele ya kahawa? Toka! Mlutheri usiye na adabu, toka kabla sijachukua fimbo!"

Kahigi aliinuka. Mama Klaudia alikuwa mlangoni, akamnong'oneza binti yake, "Nyamaza, mwana wange, nyamaza. Mungu amekuepusha." Na ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Ilikuwa rahisi kama jana.

"Ta," alisema Alistidia. Alikuwa bado amepiga magoti. "Anasema uongo. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyempasua uso. Nilitoa upepo kwenye tairi zake ili ashindwe, aje kwako. Akaniuliza kama gari liko sawa, nikamwambia nenda."

Kuku walisikika nje. Mzee Rutaihwa alimtazama binti yake, akakitazama kitambaa kwenye kichwa cha Kahigi, na taratibu akakaa chini. Uso wake ulikuwa umezeeka.

"Mtu aliyekuwa anaendesha," alisema. "Mwanangu, ulimtolea upepo mtu anayeendesha?"

Alistidia aliinamisha kichwa juu ya kikapu.

"Na wewe," mzee alimgeukia Kahigi, na sauti ilikuwa imebadilika kabisa, "ulikuwa tayari utoke humu na fimbo yangu mgongoni, usimtaje?" Akamwonyesha kiti. "Rudi uketi, mwanangu. Nilikukosea. Mtu kama wewe ndiye niliyekuwa namtafuta. Huyu atakuomba msamaha, nami nitakuomba. Keti utafune kahawa."

Lilikuwa neno ambalo Alistidia aliliombea novena nzima. Sasa limesemwa, na baba yake mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha.

"Nashukuru, mzee," alisema Kahigi. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujaribu kuyaficha. "Nimemsamehe tangu jana. Nampenda, sikufichi. Lakini siwezi."

Aliinama kwa heshima, akampita Alistidia bila kumgusa, akatoka. Mzee Kamugisha akamfuata, akitikisa kichwa.

Alistidia alifika mlangoni kikapu kikiwa bado mikononi. Alijua asiite. Gari la Mzee Kamugisha lilikuwa limesimama uani kwao, chini ya migomba, kwa muda ule mfupi tu ambao wageni walikaa. Mzee alikwisha kuingia na kushika funguo, lakini Kahigi hakuingia. Alitoa kipimo mfukoni, kipya, bado kina gundi ya karatasi ya dukani. Akachuchumaa kwa shida kwenye tairi la mbele, akaanza kufungua kifuniko cha valvu kwa mkono wa kushoto.

"Unapima nini, we?" Mzee Kamugisha aliuliza. "Si nilijaza asubuhi?"

"Naangalia tu, baba mdogo."

Alipima la kwanza, akazunguka akapima la pili. Alipima yote manne, kisha akapanda gari wakaondoka.